Mhariri wa zamu ya usiku na hadithi zake za Kimalayalam: jibu kwa msomaji aliyeko Doha

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mhariri msanifu katika gazeti la Kiingereza hapa Doha. Karibu nusu ya chumba chetu cha habari ni Wahindi wa Kerala. Juzi nimekuja kugundua kwamba mzee mmoja wa zamu ya usiku, mtu mkimya anayesahihisha kurasa za biashara, kwao ni mwandishi wa hadithi fupi mwenye vitabu na wasomaji. Anaandika kwa Kimalayalam, lugha ambayo hapa kazini haiandiki hata mstari mmoja. Nami huandika hadithi kwa Kiswahili nikitoka kazini, lakini haziendi popote. Watu kama yeye wanaishije maisha haya mawili? Na mimi niendelee na Kiswahili, au nihamie Kiingereza ambacho ndicho kinachonilisha?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Endelea na Kiswahili. Sababu zangu utaziona ndani ya maisha ya huyo mzee wa zamu ya usiku.

Watu wa aina yake nimefanya nao kazi Maskati, na hadithi za Wamalayali, yaani hao watu wa Kerala wasemao Kimalayalam, nimezisoma kwa tafsiri za Kiingereza tangu ujana wangu. Anayewaona kwa mara ya kwanza hudhani siri yao ni bidii, kwamba wanalala kidogo kuliko sisi. Bidii wanayo, sikatai. Lakini chumba chenu cha habari kina Wafilipino, Wamisri na Wapakistani wenye bidii hiyo hiyo, na wachache kati yao wanachapa hadithi. Mmalayali ana jambo moja ambalo wengi wetu hatuna: nyumbani kuna mtu anayeisubiri hadithi yake. Hilo ndilo ninalotaka ulishike.

Ratiba yake unaijua kuliko mimi, kwa sababu ni yako pia. Saa kumi alasiri anaingia, anapokea habari za mashirika ya habari, anazifupisha, anatunga vichwa, anapanga picha, anabishana na wa matangazo juu ya nafasi, na kurasa zikishakwenda mtamboni saa sita au saba usiku anarudi kwake. Kwa wengi wao, hasa walioanza miaka ya 1980 na 1990, huko "kwake" kulikuwa kitanda tu katika chumba cha watu wanne au sita, kwa sababu mshahara haukufikia kile kiwango kinachomruhusu mtu kuleta mke na watoto. Familia ilibaki Kerala, Thrissur au Malappuram. Barua ilichukua wiki. Watu walirekodi sauti kwenye kaseti, wakampa anayekwenda likizo azibebe. Hadithi iliandikwa kwa mkono, kwenye karatasi za ofisini zilizochapwa upande mmoja, asubuhi wenzake wa chumba wakiwa kazini. Ndiyo maana nyingi ni fupi. Mwenye riwaya anahitaji meza isiyoondolewa, mwenye hadithi fupi anaweza kuimaliza kwa Ijumaa chache.

Jambo hili halikuanzia Ghuba. Hadithi fupi ya Kimalayalam inayotajwa kuwa ya kwanza ilichapwa 1891 katika jarida, na aliyeiandika, Vengayil Kunhiraman Nayanar, alikuwa pia mwandishi wa magazeti. Tangu hapo gazeti na hadithi wamelala kitanda kimoja. Baada ya uhuru wa India, vijana wa Kerala walipokosa kazi kwao walipanda treni kwenda Delhi, Bombay na Calcutta, na wengi wao waliishia kwenye magazeti. O. V. Vijayan alichora katuni za magazeti Delhi huku akiandika hadithi na riwaya zilizobadilisha nathari ya lugha yao. V. K. N. alikuwa mwandishi wa habari Delhi kabla ya kurudi kijijini kwake Thiruvilwamala. Yule ninayempenda zaidi ni M. P. Narayana Pillai. Huyu alifika hadi Hong Kong, akafanya kazi katika jarida la Far Eastern Economic Review, kisha akaishi Bombay na kuandika mambo ya uchumi na biashara hadi alipofariki 1998. Mchana aliandika Kiingereza cha hesabu na masoko. Hadithi zake alizitunga kwa Kimalayalam, na zina watu wa vijijini, wachawi, na watu wenye akili za ajabu. Sijapata mfano mzuri kuliko huu wa kumwonyesha mtu anayedhani kazi ya kurasa za biashara itaua hadithi zake. Mzee wenu ana babu zake katika kazi hiyo.

Bei ya mafuta ilipopanda baada ya 1973, treni za Delhi ziligeuka kuwa ndege za Ghuba. Kerala ina watu milioni 33 kwa sensa ya 2011, na tafiti za uhamiaji za jimbo hilo zimekuwa zikihesabu wenyeji wake walioko nje ya India kuwa zaidi ya milioni 2, wengi wao wakiwa Ghuba. Magazeti ya Kiingereza nayo yalikuwa yakichipuka huko: Kuwait Times tangu 1961, Times of Oman na Arab News mwaka 1975, Khaleej Times ya Dubai mwaka 1978. Yalihitaji wahariri wasanifu wanaojua Kiingereza na wasiodai mishahara ya London. Kerala, jimbo ambalo karibu kila mtu anasoma gazeti, ilikuwa nao tele. Mwaka 1999 yakaja magazeti ya Kimalayalam yanayochapwa Ghuba kwenyewe, Malayalam News huko Jeddah na Gulf Madhyamam lililoanzia Bahrain, na kwa baadhi yao kazi na hadithi vikaanza kushiriki lugha moja.

Sasa nikupeleke nyumbani kwao, maana huko ndiko jibu liliko.

Mwaka 1945, pale Ambalappuzha, mwalimu P. N. Panicker alikusanya maktaba 47 za vijijini zikaunda chama kimoja. Leo Kerala ina maelfu ya maktaba za namna hiyo, nyingi ni chumba kimoja chenye benchi, magazeti ya siku na kabati la vitabu, zinazoendeshwa na wanakijiji wenyewe. Mwaka huohuo wa 1945, mjini Kottayam, waandishi waliunda chama chao cha ushirika cha kuchapa vitabu, miongoni mwao akiwa Karoor Neelakanta Pillai, mwandishi wa hadithi fupi aliyekuwa mwalimu wa shule. Fikiria maana yake: waandishi wanajichapia, wanajilipa, na maktaba za vijiji zinanunua. Jimbo lilipotangazwa mwaka 1991 kuwa watu wake wote wanajua kusoma na kuandika, wasomaji walikuwa wameshaandaliwa kwa nusu karne.

Juu ya hapo kuna jarida la wiki. Gazeti la Mathrubhumi lilianzishwa Kozhikode mwaka 1923, na jarida lake la kila wiki likafuata 1932. Humo huchapwa hadithi fupi, riwaya za mfululizo, mashairi na uhakiki, wiki kwa wiki, na lina washindani wake. M. T. Vasudevan Nair, aliyefariki Desemba 2024 na ambaye Kerala nzima ilimlilia, aliingia pale kijana akiwa mhariri mdogo, akaja kuliongoza kwa miaka mingi, na majina mengi unayoyaona leo kwenye majalada ya vitabu yalipita mikononi mwake. Jarida hilo lilikuwa hata na ukurasa wa waandishi watoto na vijana, uliosimamiwa na mshairi Kunjunni, mwalimu wa shule. Mtoto wa miaka kumi na miwili alituma shairi, mshairi mkubwa akalisoma kweli. Siku za sikukuu ya Onam, majarida hutoa matoleo manono ya mwaka, na kuchapwa humo ni heshima ambayo shangazi na wajomba wote wataisikia.

Kwa hiyo huyo mzee wenu anapokaa kitandani kwake Doha na kalamu, hajikalishi mbele ya ukuta mtupu. Anajua mhariri ni nani. Anajua tarehe ya mwisho ya kupokea hadithi za Onam. Anajua dada yake ataisoma, mwalimu wake mstaafu ataisoma na kuikosoa, na mwenzake wa Dammam, huko Saudia, atampigia simu usiku kumwambia kwamba mwisho umekaa vibaya. Pesa zake si nyingi. Lakini mtu akishazoea kungojewa hivyo, zamu ya urefu wa saa tisa haimzuii. Muulize siku moja mkiwa kwenye chai hadithi yake ya kwanza aliituma wapi na nani aliipokea. Utaona anavyobadilika uso.

Umeniuliza pia, japo si kwa maneno haya, kwa nini asiandike kwa Kiingereza ilhali anakimudu kuliko wasomaji wengi wa gazeti lenyewe. Sababu moja ni kazi yenyewe. Kiingereza cha gazeti lenu kinaandikwa ili Mwarabu, Mwingereza, Mfilipino na Mhindi wote wakielewe kwa mara moja. Kila kitu lazima kifafanuliwe, kila neno lenye harufu ya mahali liondolewe. Ukikifanya hivyo usiku kucha kwa miaka, mkono unazoea. Madhavikutty, ambaye dunia inamjua zaidi kwa jina la Kamala Das, alikuwa na lugha mbili hizo na alizigawa: mashairi yake kwa Kiingereza, hadithi zake fupi kwa Kimalayalam, akiishi Calcutta na Bombay. Alikuwa na uwezo wa kuchagua, na kwa hadithi alichagua lugha ya bibi zake.

Sababu nyingine inazungumzwa kwa sauti ya chini. Magazeti ya Ghuba hufanya kazi chini ya sheria za uchapishaji zenye mipaka mikali, na kibali cha ukaazi cha mfanyakazi kimefungwa kwa mwajiri kwa mfumo wa kafala, ingawa Qatar imeulegeza tangu 2020. Mhariri msanifu akikosea, kinachopotea si kazi tu, ni nyumba, shule ya watoto na haki ya kubaki nchini. Kwa hiyo anajifunza kupunguza. Mtu amekufa kwenye jengo: gazeti linapata mistari mitatu, uraia wake na umri wake. Mhariri huyo huyo, siku moja kabla, amemwona kaka wa marehemu kwenye ofisi ya ubalozi akitafuta karatasi za kusafirisha maiti, ameshika simu ya marehemu ambayo bado inaita. Habari haina mahali pa simu hiyo. Hadithi ya Kimalayalam inapo. Na mwandishi wa hadithi hahitaji kutaja nchi, kampuni wala jina. Anahitaji ile simu tu, na msomaji wa Kozhikode atajaza yaliyobaki, kwa sababu katika mtaa wake kuna nyumba tatu zilizowahi kupokea sanduku la maiti kutoka uwanja wa ndege.

Iraki ilipoivamia Kuwait Agosti 1990, Air India ilisafirisha zaidi ya Wahindi 100,000 kutoka Amman. Wamalayali walikuwa wengi kati yao. Idadi hiyo ilikuwa kichwa cha habari. Watu waliofika nyumbani mikono mitupu, kwenye familia iliyowatarajia na televisheni na manukato, walihitaji aina nyingine ya mwandishi.

Nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa, hata hivyo. Maisha haya mawili yana madhara, na hadithi nyingi za Wamalayali wa Ghuba ni dhaifu. Nitakuambia wapi, ili nawe ujihadhari.

Udhaifu wa kwanza ni kijiji kilichogandishwa. Mtu ameondoka Kerala na miaka ishirini na mitano, na katika hadithi zake mvua ya Juni bado inanyesha kwenye paa lile lile, mfenesi uko uani, bibi anasimulia. Wakati huohuo nyumba hiyo imebomolewa ikajengwa ya ghorofa, kwa pesa zake yeye mwenyewe. Wahakiki wa kwao wamewasema sana kwa hili, na wana haki. Wapemba, Waunguja na Watanga tulioko nje tuna ugonjwa huohuo. Karafuu, bahari, adhana ya alfajiri. Mimi huzipenda, lakini nikizikuta katika aya ya kwanza najua mwandishi bado hajaanza kutazama.

Udhaifu wa pili unatoka moja kwa moja kwenye kazi ya habari. Mhariri msanifu amefundishwa kuweka jambo kubwa mwanzoni na kufunga kila swali. Hadithi inayoandikwa hivyo inakufa katika mstari wa tatu. Wengine huandika mateso kama ripoti: kibarua anaonewa, anaugua, anakufa, basi. Msomaji anahurumia, kisha anasahau, kama anavyosahau gazeti la jana.

Waliovuka hapo wamefanya hivyo kwa kusikiliza au kwa kutazama. Benyamin hakuwa mwandishi wa habari, alikuwa mwajiriwa wa kawaida Bahrain tangu 1992. Alikutana na mtu aliyewahi kufungiwa kuchunga mbuzi katika jangwa la Saudia, akamsikiliza kwa muda mrefu, na riwaya aliyoitoa 2008 imesomwa na Wamalayali wasio na idadi na kufikia filamu mwaka 2024. Kuna mbuzi wengi ndani yake kuliko hotuba. V. Musafar Ahammed, aliyekuwa mwandishi wa Malayalam News huko Jeddah, alifanya jambo ambalo wenzake wachache walilifikiria: alitoka nje ya mji akaliangalia jangwa lenyewe, mimea yake, visima vyake, Mabedui wake, akaliandikia kwa Kimalayalam, na akapewa tuzo ya Kerala Sahitya Akademi, chuo cha fasihi cha jimbo hilo. Wengine walikuwa wamekaa pale miongo miwili wakilichukulia jangwa kama ukuta kati yao na nyumbani.

Na hapa nakumbuka jambo linalotuhusu sisi. S. K. Pottekkatt wa Kozhikode, bingwa wa hadithi fupi na baadaye mshindi wa Jnanpith, tuzo kubwa ya fasihi ya India, ya mwaka 1980, alisafiri Afrika mwaka 1949 na kuandika vitabu vya safari zake, Afrika Mashariki ikiwamo. Wasomaji wa vijiji vya Malabari, kaskazini mwa Kerala, walisoma habari za bara letu kwa lugha yao karibu miaka sabini na mitano iliyopita. Sisi tuna watu wetu Maskati, Doha, Dubai na Riyadh kwa maelfu. Msomaji wa Korogwe amesoma hadithi ngapi nzuri za Kiswahili kuhusu miji hiyo?

Hapo ndipo unapoingia wewe. Tazama walinzi wa milango hapo Doha, wengi wao Wakenya na Waganda. Tazama madada wa kazi za ndani kutoka Mombasa, Tanga na Kigoma. Ijumaa wanakutana, na Kiswahili kinachozungumzwa pale kina Kiarabu kipya, Kihindi kidogo na Kiingereza cha kikazi, kwa namna ambayo hakuna mwandishi aliyeko Dar es Salaam anayeweza kuibuni. Hilo ndilo shamba lako. Ukiliandika kwa Kiingereza utakuwa mmoja wa wengi wanaoeleza Ghuba kwa wasomaji wa London. Ukiliandika kwa Kiswahili, mama wa huyo mlinzi ataweza kusomewa.

Najua utaniambia kwamba hatuna Mathrubhumi. Ni kweli, na mimi hilo linaniuma. Lakini usiseme hatuna mila. Muhammed Said Abdulla alikuwa mhariri wa magazeti Zanzibar huku akimtunga mpelelezi wake Bwana Msa, na alianza kujulikana kwa shindano la hadithi la mwishoni mwa miaka ya 1950. Magazeti ya Tanzania yamechapa riwaya za mfululizo ambazo watu walizikimbilia kibandani. Mohammed Ghassani, Mpemba anayefanya kazi ya utangazaji Deutsche Welle kule Bonn, alipata Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell mwaka 2015 kwa ushairi, na sauti iliyomo ni ya mgeni ughaibuni hasa. Kazi yake ya mchana na wito wake wa usiku haviko mbali na vyako. Tuzo hiyo baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Tanzania nayo ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Angalia masharti na tarehe zao kila mwaka, uzichukulie kama Mmalayali anavyoichukulia tarehe ya Onam, yaani siku ambayo kazi lazima iwe imekwisha.

Tuzo peke yake haitoshi, kwa sababu huja mara moja kwa mwaka na hukujibu kwa ndiyo au hapana. Tafuta watu watatu wa kukusoma kila mwezi: mmoja aliyeko Tanga ambaye hajawahi kuona Ghuba, mmoja aliyeko Ghuba atakayekushika ukikosea jina la mtaa, na mmoja mwenye jicho la uhariri. Huyo wa tatu, kama hujampata, niwe mimi. Nitumie ya kwanza kuhusu walinzi hao, kurasa zisizozidi kumi, bila kijiji ndani yake, na ukishaimaliza futa aya ya kwanza uone kama hadithi haisimami vizuri zaidi. Mara nyingi aya hiyo huwa ni ya mhariri wa zamu, si ya msimulizi. Nitakurudishia na alama zangu.

Na kabla hujachapa chochote popote, soma tena mkataba wako wa kazi, kipengele cha kuandikia nje. Mikataba mingi ya magazeti huko hutaka ruhusa ya maandishi, na hadithi za kubuni huwa hazitajwi wazi. Omba ruhusa hiyo kwa barua fupi, itaje kuwa ni fasihi kwa Kiswahili, na uhifadhi nakala. Majina ya watu uliowahoji kwa ajili ya gazeti yasiingie kwenye hadithi kamwe, wala sura zao, wala kampuni zao. Walizungumza na mwandishi wa habari, na yeye ndiye waliyemwamini.